Friji inayeyusha Juni, Oktoba inapona yenyewe. Mafundi wa Mbeya hebu njooni

#1 Mama Mbasa
Wakuu, habari za baridi.
Nipo Uyole, nauza samaki. Mbasa natoa Kyela, kuku nachukua huku huku vijijini. Nina friji ya milango miwili, friza juu, nilinunua mpya dukani 2021. Kila ikifika katikati ya Juni friza inaacha kugandisha. Chini maziwa yapo sawa tu, tatizo ni juu. Asubuhi nafungua nakuta maji mekundu yamechuruzika, samaki nikimbonyeza kidole kinazama. Ikifika mwisho wa Septemba, Oktoba, hiyo hiyo friji inagandisha jiwe, na hakuna mtu aliyeigusa.
Fundi wa kwanza alisema gesi imeisha, nikatoa 45,000. Haikugandisha, ila baada ya miezi miwili ikakubali, nikajiambia gesi imekolea. Mwaka jana fundi mwingine, gesi, 60,000. Mwaka huu wa tatu, gesi na draya mpya (kile kichujio cha unyevu), 70,000. Imeshika siku nne. Sasa hivi bomba linalorudi kwenye kompresa limeota barafu nyeupe huku nyuma, na samaki ndani wanalainika!
Naomba kuuliza: ni gesi gani inayoisha wakati wa baridi na kujirudisha wakati wa joto?

#2 Chalii wa Soweto
Mama, baridi lote hilo la Uyole friji ya nini? Waanike barazani usiku, asubuhi unapanga kama kuni.

#3 Mla Ndizi Tukuyu
Siti ya mbele. Yangu ilifanya hivyo Julai nikampa shemeji, na kwake Mbarali inagandisha vizuri kabisa. Mpaka leo ananicheka.

#4 Volti Mia Mbili
Mleta mada, tatizo lako ni umeme, usihangaike na gesi. Juni mpaka Agosti kila nyumba Mbeya inawasha shawa ya umeme, jagi la maji na pasi. Shawa moja tu inakula kilowati 4 au 5. Saa 12 asubuhi na saa 2 usiku mtaa mzima unaoga maji ya moto. Umeme unaotakiwa kuwa 230 unashuka 170, 160. Kompresa inajaribu kuwaka inashindwa, utasikia "mmmmm" halafu "tak". Hiyo tak ni ovalodi, kinga ya kompresa, inakata. Dakika kadhaa inajaribu tena. Usiku mzima hivyo hivyo. Oktoba watu wanaoga maji ya bomba, umeme unakaa sawa, friji inapona. Chukua mita pima saa 2 usiku, halafu uje unishukuru.

#5 Fundi Mafiati
Mama Mbasa pole. Nitakueleza kitu ambacho mafundi wenzangu hawatakipenda.
Friji yako inawezekana ni nzima kabisa.
Friji nyingi za friza juu zina kompresa moja na themostati moja, na hiyo themostati, kile kifaa kinachopima joto na kuwasha kompresa, inasikiliza chumba cha chini, kule kwenye maziwa na mboga. Friza haina anayeisemea. Kompresa ikiwaka kwa sababu ya chini, friza nayo inapata baridi yake humo humo. Sasa Julai jikoni kwako saa 11 alfajiri kuna nyuzi ngapi? Kwangu Mafiati nimewahi kupima 9. Chumba cha chini kinatakiwa nyuzi 4 au 5, na nje kuna 9. Joto la kuingia humo halipo, themostati inaona mambo safi, kompresa inalala saa nyingi. Juu kunatakiwa -18 na hakuna anayekuzalishia. Ndiyo maana maziwa yako hayana neno na samaki wanalia.
Nenda nyuma ya friji au ndani pembeni ya droo, kuna kibandiko. Tafuta herufi za daraja la hali ya hewa. SN ni kwa chumba cha nyuzi 10 mpaka 32. N ni 16 mpaka 32, ST ni 16 mpaka 38, T ni 16 mpaka 43. Friji nyingi nilizozikuta majumbani huku zilizonunuliwa mpya ni ST au T. Maana yake mtengenezaji hakukuahidi chochote chini ya nyuzi 16, na wewe unaiweka kwenye jiko la Uyole.
Hilo bomba lenye barafu ni kitu kingine. Hapo nadhani wamekuzidishia gesi. Mtu wa kwanza kaongeza juu ya iliyokuwepo, wa pili kaongeza, wa tatu huyo angalau kabadilisha draya, lakini kama kajaza kwa macho bila mzani ndiyo hayo.

#6 Chalii wa Soweto
Mimi miaka yote najua T ni Tanzania.

#7 Mkinga wa Tandala
#5 amesema kweli. Sisi Makete asubuhi za Julai nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu. Nina friji mbili. Ya mtumba wa Ulaya, imeandikwa SN, kuukuu hadi mlango umefungwa kwa kamba, inagandisha mwaka mzima. Nyingine mpya ya dukani, kioo mlangoni, taa za buluu, ikifika Juni ni kabati la nguo.

#8 Mzee Geji
Vijana, shikamooni zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.
Nimeanza kazi hii wakati friji zote ni za gesi ya R12. Hilo la themostati silipingi sana, ila mnasahau mwinuko. Mbeya tuko karibu mita 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi, ndiyo maana maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na maharage yanakula mkaa. Hewa nyepesi inapita kwenye kondensa, yale mabomba ya nyuma yanayotoa joto, inabeba joto kidogo.
Halafu kuna hili la geji ya kupimia presha ya gesi. Fundi amesoma Dar, amekariri kwamba friji ya gesi ya R134a upande wa presha ya chini inasoma psi 2. Akija huku anajaza mpaka 2 anafunga. Lakini geji inalinganisha na hewa ya nje, na hewa ya nje huku ni kama psi 12, kule pwani ni 14.7. Kwa hiyo ile 2 ya Dar huku inatakiwa isome karibu 5. Akiacha kwenye 2 amekupunguzia gesi na wala hajui.
Kijana mmoja nilimkuta Mwanjelwa anataka kurudisha pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa kwenye mabomba, dukani. Anasema mbovu, sindano haifiki inchi 30 za zebaki chini ya sifuri. Imegoma kwenye 24 na kitu. Nikamwambia mwanangu, hiyo pampu nzima, huku hakuna 30. Hewa yenyewe uliyo nayo ni 24. Utatoaje usichokuwa nacho?

#9 Volti Mia Mbili
Mzee, heshima yako, lakini mwinuko wa Uyole haupandi Juni ukashuka Oktoba. Mama amesema tatizo lina msimu.

#10 Mzee Geji
Hapo umenibana kidogo. Lakini hata umeme wako hauelezi maziwa. Kompresa isipowaka kwa umeme mdogo, chini napo pangeharibika. Mbona maziwa yako sawa?

#11 Volti Mia Mbili
Yako sawa kwa sababu jiko lenyewe lina nyuzi 9! Hata friji ikizimwa maziwa hayachachi haraka. Samaki ndio wanahitaji kompresa.

#12 Mla Ndizi Tukuyu
Aisee. Hii hoja imerudi kwa aliyeitupa.

#13 Binti Kihesa
Kamwene wote. Naongea kutoka Iringa.
Fundi Mafiati, maelezo yako yamekaa vizuri ila kwangu hayaingii. Friji yangu haina themostati ya kuzungusha, ina sensa juu na sensa chini, ni ile isiyoota barafu, na bado iliyeyusha mwaka jana Julai. Nikaambiwa gesi, nikakataa. Fundi wa pili akafungua ule ukuta wa nyuma ndani ya friza, tukakuta jiwe la barafu limekumbatia feni. Feni imeganda haizunguki, baridi ipo kule nyuma haiji mbele. Ilikuwa hita ya kuyeyusha imekatika. Na mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa kwa baridi, ukiweka karatasi na kufunga mlango, karatasi inatoka bila kushikwa. Hewa yenye unyevu ilikuwa inaingia usiku kucha.
Mwambieni mama apime mpira kwa karatasi kabla ya kila kitu. Ni bure.

#14 Fundi Mafiati
Binti Kihesa umesema vizuri, za sensa mbili zina habari zake. Ya mama nadhani ni ya kuzungusha, atuthibitishie.
Mama Mbasa, kama ni ya kuzungusha fanya hivi. Kwanza, umeiweka namba ngapi? Wateja wangu wengi Juni wanarudisha kwenye 1, wanasema "baridi ipo tele, niokoe umeme". Hapo ndipo unaiambia ilale kabisa. Angalia pia kama kuna kiswichi kidogo karibu na taa, baadhi wanachora alama ya theluji au wanaandika neno la baridi. Hicho kikiwashwa kinapasha chumba cha chini kidogo ili kompresa iamke.
Kama hakuna, chukua balbu ndogo ya zamani yenye uzi unaowaka ndani, wati 7 mpaka 15, isiwe ya LED, iweke chumba cha chini mbali na vyakula na plastiki, usiku iwake. Waya wake mwite fundi umeme aufunge vizuri, usipitishe waya uchi kwenye mlango wa friji. Chini patapata joto kidogo, themostati itashtuka, kompresa itafanya kazi, juu patagandisha.

#15 Chalii wa Soweto
Subirini kwanza. Ili friji igandishe, unaiwekea joto ndani?

#16 Fundi Mafiati
Ndiyo.

#17 Chalii wa Soweto
Mimi naenda kulala.

#18 Dogo wa Geji
Wakuu samahani nachepusha uzi kidogo. Nimemaliza kidato cha nne, nataka VETA nisome friji na viyoyozi. Baba anasema nisome umeme wa magari, Mbeya hakuna AC, nitakufa njaa. Mnasemaje?

#19 Fundi Mafiati
Dogo, baba yako ana nusu ya ukweli. AC za majumbani huku sahau. Lakini mabucha yote ya Mwanjelwa yana friza, maduka ya vinywaji yana friji za vioo, kuna matangi ya kupozea maziwa yanayotakiwa kushuka nyuzi 4, kuna mabasi, kuna malori ya makontena ya baridi yanayopita kwenda Tunduma. Dereva akikupigia saa 8 usiku yuko Igawa na mzigo unaanza kuoza, hapangi bei, anauliza tu uko wapi.
Kinachoua kazi hii ni mteja. Mwaka juzi niliitwa Isyesye, friji kama ya mama Mbasa. Nikakagua saa nzima, nikapima, nikamwambia bosi hii nzima, weka namba 4 na isogeze kutoka dirishani. Akasema asante fundi, Mungu akubariki. Nikasema ni 10,000 ya ukaguzi. Akaniangalia kama mwizi. "Nikulipe kwa kusema nzima?" Wiki iliyofuata akamwita mwingine, akajaziwa gesi, akalipa 50,000 anacheka. Siku hizi namwelewa fundi anayebeba mtungi hadi ndani kabla hajauliza shida ni nini. Simsifu, namwelewa.

#20 Mama Mbasa
Fundi kwa hiyo mimi ndiye ninayewafundisha kunidanganya?

#21 Fundi Mafiati
Sijasema hivyo mama yangu 😂

#22 Njombe Parachichi
Dogo #18, njoo Njombe. Parachichi ya kupeleka nje haiendi bila baridi. Ikivunwa inapoozwa mapema na kukaa karibu nyuzi 5 au 6 mpaka melini. Ukiishusha sana inaungua kwa baridi, nyama inakuwa nyeusi ndani wakati ganda linang'aa, mnunuzi anaigundua akiikata mezani. Hapo hutakiwi fundi wa kujaza kwa macho. Chumba kimoja cha baridi kikisimama usiku, mwenye mzigo haongei, anatembea tu huku na huku na tochi.

#23 Kyela Joto
Na Kyela mbona hamtaji? Huku chini ziwani jasho linatiririka, AC zipo, na friji haziulizi balbu. Mafundi wanashuka kutoka Mbeya na makoti.

#24 Mkinga wa Tandala
Dogo jifunze na kupasha joto, huku ndiko soko. Watu wanafunga hita za maji za sola halafu Julai mirija inapasuka kwa kuganda usiku kwa sababu fundi wa pwani hakujua kwamba Tanzania kuna mahali maji yanaganda bombani. Nimebadilisha mara mbili.
Na tukiwa hapo hapo kwenye joto: acheni kulala na jiko la mkaa chumbani. Moshi huuoni, harufu huisikii, ile hewa yake inakulaza moja kwa moja. Huku kwetu tumezika.

#25 Mtaalamu wa Mitandaoni
Mnapoteza muda. R22 na R134a zote zilipigwa marufuku 2010. Siku hizi friji zote zinatumia R600a ambayo ni gesi ya kupikia tu. Mama anunue mtungi mdogo ajaze mwenyewe.

#26 Mzee Geji
Mama Mbasa, USIFANYE alichosema #25.
Iliyokoma 2010 kwa nchi kama zetu ni R12 na ndugu zake, kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 ya kulinda tabaka la ozoni. R22 inapunguzwa kwa hatua, mwisho wake kwetu ni 2030, ikibaki kidogo ya matengenezo mpaka 2040. R134a imeingizwa kwenye nyongeza ya Kigali ya 2016 ya itifaki hiyo hiyo, nayo ni ya kupunguzwa taratibu, bado ipo madukani.
R600a ni isobutani safi na kavu. Ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, presha yake nyingine, na wameitia harufu. Friji ya nyumbani ya R600a inachukua gramu chache mno, 40, 50, 60. Ukijaza kwa macho umeshazidisha kabla hujafumba jicho. Na inawaka. Nilishamwona fundi anachomelea bomba akidhani ni R134a, hakusoma kibandiko cha moto kwenye kompresa. Nyusi zake zilichukua muda kurudi.

#27 Mla Ndizi Tukuyu
Mama Mbasa kibandiko chako kinasemaje? Tumeandika kitabu na mwenye friji kanyamaza.

#28 Mama Mbasa
Nisameheni, nilikuwa Kyela kufuata mzigo.
Kibandiko: herufi ni ST. Gesi R600a gramu 52. Themostati ni ya kuzungusha na ilikuwa kwenye 2, mimi mwenyewe niliirudisha Mei. Swichi ya baridi sijaiona. Nimepitisha karatasi mlangoni kama alivyosema dada wa Iringa, pembe ya chini inatoka kirahisi, kwingine inashika.
Nimempigia fundi wa tatu nikamuuliza alijaza gesi gani. Kasema "ile ile ya friji".

#29 Mzee Geji
Ile ile ya friji. Ee Mungu wangu.
Kama ametia R134a kwenye kompresa ya R600a, hapo hatuongelei tena baridi ya Juni. Gesi itolewe, ivakyumiwe, ijazwe gramu 52 kwa mzani. Isifanyike kwa geji, maana R600a upande wa chini inafanya kazi chini ya sifuri, na huku mlimani hiyo sifuri yenyewe imehama.

#30 Volti Mia Mbili
Na umeme umepima?

#31 Mama Mbasa
Nimepima kwa mita ya jirani. Saa 2 usiku 174. Saa 5 usiku 215.

#32 Volti Mia Mbili
NILISEMA.

#33 Fundi Mafiati
Tulia mkuu. ST kwenye jiko la Uyole, themostati namba 2. Na mimi nilisema.

#34 Binti Kihesa
Na mpira wa mlango?

#35 Mama Mbasa
Wakuu narudi na majibu baada ya wiki mbili. Jumamosi ile nilimwita fundi mwenye mzani (alinitoza ukaguzi, nikalipa, Fundi Mafiati usinune). Kaitoa gesi, kavakyumu saa nzima, kajaza 52. Siku hiyo hiyo mwanangu akaleta stebilaiza. Jioni fundi umeme akafunga balbu ya wati 10 chini, nikazungusha namba 5, na ile pembe ya mpira tukaipasha kwa maji ya moto ikalala vizuri.
Inagandisha. Leo nimempiga mbasa ukutani kalia kama tofali.

#36 Volti Mia Mbili
Stebilaiza hiyo.

#37 Fundi Mafiati
Mama, ulifanya yote siku moja?! Sasa tutajuaje ni kipi? Zima balbu siku tatu, uone.

#38 Mama Mbasa
Nina samaki wa laki mbili humo ndani. Zima yako.

#39 Mzee Geji
😂 Muacheni. Juni ijayo tutaonana hapa hapa.

#40 Chalii wa Soweto
Nimeamka. Mbasa mmoja mkubwa bei gani, na unaleta mpaka Soweto?